Namba Mbele ya Lweba

Juzi, kwa fundi wa redio, niliona kompyuta ya zamani, kuku amelala juu yake. Harufu ya mazutu ya jenereta na ya samaki wa ndagala ikanirudia.

Mama mdogo, dada wa mama yangu, alikuwa akihifadhi nyimbo za korali za vijiji kwenye mashine kama ile, katika bureau, ofisi ya kanisa mjini Baraka. Alasiri moja, nikiwa naye, mtoto bado, askari waliingia, na mkubwa wao akataka kuona kilichomo. Mama mdogo aliingiza diski, akaandika amri za BASIC, lugha ya mashine ile, ya mwisho LIST. Diski ikakoroma, kisha majina ya vijiji yakapanda kwenye kioo cha kijani, kila jina na namba mbele yake.

"Hii namba ni ya nini?"

"Ni nyimbo za korali, mukubwa. Namba inaonyesha tu nyimbo yabo iko murefu namna gani."

"Mi nilisoma, mama. Hii ni hesabu ya bapiganaji benu."

Nilidhani hajawahi kusikia korali, basi nikamwimbia wimbo wa Lweba. Alitabasamu, akaniacha nimalize beti zote, huku akinakili namba kwenye pakiti ya sigara. Kisha wakamfunga mama mdogo mikono, wakaondoka naye.

Walipokuja kushambulia vijiji, walianza na Lweba, kwa kuwa namba yake ilikuwa kubwa kuliko zote. Mama mdogo aliwahi kuwasihi waimbaji wa Lweba wapunguze wimbo wao, diski inajaa. Walikataa kuacha hata ubeti mmoja.