Nilijua Maji Yatajaa

Jumapili, siku ya saba ya Mfunguo Saba, saa mbili na robo asubuhi, tulishuka garini Mtoni, wasichana tisa wa klabu ya mtaa na mwalimu wetu wa ushoni. Tulikwenda kutembea kwenye mikoko. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kutoka mjini, na mama zetu walishasema: likitokea lolote, hakuna tena kutoka.

Wiki ya nyuma mwalimu alikuja kupatazama. Saa nne alikuta pamekauka mpaka mwisho wa mikoko, basi akapanga saa zile zile. Mimi nilijua si sawa. Bibi yangu huenda pwani kuokota chaza, na huhesabu siku za mwezi mwandamo kwa vidole: mwezi mosi, saa nne maji yako mbali, mwezi saba, saa nne yamejaa. Nilijua tangu Ijumaa, alipotutajia saa. Lakini mimi nimsahihishe mwalimu mbele za watu?

Tukaacha viatu ukingoni, tukapandisha mabaibui, tukaingia topeni. Mwalimu alituonyesha ndege weupe, yangeyange, akatwambia tuhesabu kaa.

"We bubu, umepata wangapi?" aliuliza msichana wa nyuma yangu. "Au hata kaa unawaonea haya?"

Wakacheka. Nami nikacheka kidogo.

Maji yalifika vifundoni, kisha magotini.

"Mwalimu, mbona yanakuja?" mmoja wetu aliuliza.

"Yatatoka sasa hivi. Twendeni."

Hayakutoka. Tulirudi tumeshikana mikono, tope linavuta miguu, mabaibui yanavuta mabega. Viatu vilikuwa vinaelea. Kimoja cha mwalimu hakikuonekana tena. Tulingoja gari muda mrefu, naye kakaa juu ya jiwe, mguu mmoja peku.

Nyumbani mama alilikamua baibui langu. "Basi. Yamekwisha hayo matembezi."

Nililala na harufu ya tope kuchani.

Asubuhi, kabla ya skuli, nilipita kwa mwalimu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona mapema?"

Nikautazama mlango. "Nlijua yatajaa. Jumapili ijayo mwezi kumi na nne, saa nne patakauka."

"Ulijua?"

"Naam."

Alinitazama mpaka nikatamani anipige. Kisha akachukua baibui lake, bado bichi.

"Twende ukamwambie mama yako, kama ulivyonambia mimi."

Nikamfuata, nikiyarudia yale maneno moyoni yasije yakanipotea.