Saa Mbili za Melkiadi

Shemeji yangu Melkiadi, fundi baiskeli wa mtaa wetu wa Kashaulili, Mpanda, anaujua umbali wa Mpanda na Dar es Salaam kuliko waliojenga barabara. Muulize tu. Treni hadi Tabora, ubadilishe, ulale njiani. Kwa basi ni kilomita elfu moja na mia mbili na ushee, na kiuno hakirudi kama kilivyoondoka. Kwa miaka tisa ndivyo alivyomjibu binti yake Specioza kila alipopiga simu kutoka Dar kumwomba aende kumsalimia.

"Mwanangu, ni mbali."

Ukweli tuliujua mtaa mzima. Specioza aliolewa na Gervais, kijana wa Mishamo, kwenye makazi ya waliokimbia Burundi, na Melkiadi alikuwa ameapa kwamba nyumba ya "watu wa Burundi" hataikanyaga. Babu yake mwenyewe alivuka ziwa kutoka Kongo akafikia Karema, lakini ukilisema hilo kibandani kwake, pancha yako haizibwi.

Mwaka huu Specioza hakuomba. Alituma tiketi mbili za ndege, moja yangu, ili nimsindikize mzee asije akageuka njiani. Nikamwonyesha Melkiadi kwenye simu: kilomita mia tisa hivi, karibu saa mbili.

"Huo umbali wa hewani," akasema. "Mimi nakaa chini."

Dada yangu, mkewe, ambaye amekwenda Dar mara nne na kiuno chake kipo, alishampangia begi: migebuka, samaki wa ziwani waliokaushwa, chini, shati la kanisani juu. Na dada yangu habishiwi.

Ndani ya ndege nikamsikia Melkiadi akinong'ona. Nikadhani anasali. Kumbe anapanga maneno ya kumwomba Gervais msamaha. Treni ingemtosha, hadi Morogoro angekuwa ameshayanyoosha. Hapa alikuwa bado kwenye "Mwanangu, unajua..." tukaambiwa tufunge mikanda, tunatua.

"Tayari?" akaniuliza kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye rubani. "Hata hawazunguki kidogo?"

Kwenye mkanda wa mizigo begi lake likapita. Akaliangalia. Likapita tena.

"Shemeji, begi lako hilo."

"Linafanana tu."

Ukumbi mzima ulinuka samaki. Lilipopita mara ya nne nililichomoa mwenyewe, nimechukia kweli, maana nilishamwona Specioza nje ya kioo, amesimama na mumewe, anatunyooshea shingo.

Tukatoka. Gervais akainama. "Shikamoo, baba. Poleni na safari."

Melkiadi akafungua mdomo atoe kilomita zake, akaziacha. Akaushika mkono wa kijana kwa mikono yake miwili.

"Marahaba. Haikuwa mbali, mwanangu," akasema. "Nilikuwa sitaki tu."

Nilimwonea aibu, na papo hapo nikampenda kuliko siku zote. Specioza akalichukua begi la migebuka kutoka mkononi mwangu, akaliweka begani.

"Najua, baba," akasema taratibu. "Mwaka ule mama alipokuwa shambani Litapunga, nilikuja Mpanda kwa treni, mtoto mgongoni. Niligonga mlango wako hadi jua likazama. Nilikusikia ukikohoa ndani."