Mstari Ulionyooka Mno

Kwa miaka kumi na tisa Mama Sumaku ameendesha mashine inayotofautisha molekuli mapacha: zote zina pete mbili zilizoungana, ila tawi la moja limeelekea juu, la nyingine chini. Kila pacha ana vilele vyake kwenye mchoro.

Leo profesa amemletea mchoro wa jana, una pacha mmoja tu. Palipopaswa kuwa na vilele vya pacha wa pili, mstari umenyooka kama uzi, na mashine hiyo haijawahi kuchora mstari usiotetemeka. Njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu haikufika hata mlangoni.

"Mwalimu, umevifuta."

"Nimesafisha tu, mama. Tia saini hapa, kama mwendesha mashine."

Mama Sumaku akamsogezea profesa kibomba chake cha kioo, ute wa sampuli umegandia ndani tangu jana.

"Kama ni kusafisha, anza na hiki."