Mistari Niliyosema Haisomeki

Nianze na hili: sinywi pombe, sivuti, na kwaya ya kanisani naimba sauti ya pili kila Jumapili bila kukosa. Nalitanguliza kwa sababu kila niliyemsimulia jambo hili ameniuliza kwanza kama siku hiyo nilikuwa nimelala vizuri. Nilikuwa nimelala vizuri. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi mchana, jua linawaka, ndani ya treni iliyojaa watu na simu zao. Ukitaka kucheka, cheka sasa, tumalizane.

Kazi yangu ni kunakili barua za zamani. Nilipofika Sydney kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, mimi Mrundi wa watu, nilianza kama wenzangu wengi kwa kuogesha wazee. Nikasoma jioni, vidole vikawa vyepesi kwenye kompyuta, mwisho nikapata nafasi katika chumba cha chini ya ardhi, mjini, kwenye nyumba ya kuhifadhi nyaraka ambayo sitaitaja jina. Naletewa barua zilizoandikwa kwa mkono, naziandika upya kwenye kompyuta ili watu waweze kuzisoma. Mahali pakishindikana kabisa, tunaruhusiwa kuandika neno la Kiingereza lenye maana ya haisomeki, tukaendelea. Likumbuke neno hilo.

Mwaka ule tulikuwa na furushi la barua za mabwana wawili wataalamu wa viumbe, wa miaka kama mia mbili iliyopita. Mmoja aliishi hapa hapa Sydney, akiwinda ndege na kukusanya mimea. Mwenzake alikuwa London, akipokea masanduku na kubisha. Na walibishana kweli! Ugomvi wao ulikuwa juu ya yule mnyama wa mtoni mwenye mdomo wa bata: je, anataga mayai au anazaa? Miaka na miaka wanaandikiana, barua inakaa melini miezi, kila mmoja anamwita mwenzake rafiki mpendwa huku akimwambia kwa adabu kwamba hajui kitu. Niliwapenda. Nilikuwa nacheka peke yangu mle chini mpaka msimamizi wangu, Robyn, anachungulia kuona kuna nini.

Ijumaa hiyo nilikuwa nimebakiwa na barua moja, na jioni nina miadi ya kusukwa nywele kwa Mama Divine kule St Marys, kwa ajili ya harusi ya kesho yake. Mama Divine ni Mkongo, na ukichelewa kidogo tu kiti chako anampa mwingine, hata uwe shoga yake wa siku zote.

Ukurasa wa mwisho wa barua ile ulikuwa umeandikwa mara mbili. Zamani karatasi ilikuwa ghali na kutuma kulikuwa ghali, kwa hiyo mtu akiujaza ukurasa aliugeuza ubavu na kuandika tena juu ya maandishi yale yale, mistari ikapishana kama ukili wa mkeka. Kuisoma kunataka utulivu. Unainamisha kichwa, unajisahaulisha mistari ya chini, unaifuata ya juu polepole. Wenzangu walizikimbia kurasa za namna hiyo. Mimi niliziweza kuliko wote, na hapo tuelewane vizuri: niliziweza.

Niliisoma mistari ile. Yule bwana wa Sydney alikuwa anasema kwamba mtu wake, anayemchunia ndege na kuwajaza pamba, mzaliwa wa Kilwa, aliyechukuliwa kwa nguvu na kupitishwa kisiwa cha Morisi kabla ya kufikishwa huku, hajui kuandika na amemwomba amwandikie maneno machache. Anamsihi rafiki yake wa London ampe ujumbe huo nahodha yeyote atakayepita pwani ile. Ujumbe wenyewe ulikuwa wa kumfikia mkewe aliyebaki Kilwa, Mwanakheri. Ulisema: nimekuacha, si kwa ugomvi, sitarudi, olewa, usizeeke mlangoni ukinitazamia.

Unajua kilichonikasirisha zaidi? Jibu la yule wa London nilikuwa nimeshalinakili wiki iliyotangulia, maana furushi lilitufikia limechanganyika. Kurasa nne nzima. Zote za mayai. Anaomba aletewe mnyama jike ndani ya chupa ya pombe kali, anauliza afya ya rafiki yake, anasalimu. Juu ya Mwanakheri, hata nusu ya neno. Nilimtukana yule bwana kwa Kirundi, mle chini, kwa sauti.

Halafu nikatazama saa.

Mistari ilikuwa kumi na minane, na kuinakili sawasawa ingenichukua saa nzima. Nikaandika haisomeki, nikafunga, nikachukua mkoba wangu.

Sasa sikiliza mimi ni mtoto wa nani. Baba yangu alipotea siku tuliyokimbia vita. Kule kambini kulikuwa na ubao wa kubandika majina ya watu wanaotafutana, na kila Jumanne mama alikwenda kusimama mbele yake. Hakujua kusoma, mimi ndiye nilikuwa namsomea. Kulikuwa na fundi seremala, mtu mpole, aliyetaka kumwoa kwa heshima zote. Mama alimjibu kwamba baba yetu akija atamkuta. Alimngoja hivyo hivyo mpaka anazikwa. Katika watu wote wa mji huu, aliyepaswa kuinakili mistari ile ni mimi, na mimi nilikwenda kusukwa.

Treni ya kuelekea magharibi ilikuwa imejaa. Nilipata kiti ghorofa ya chini ya behewa, dirishani. Tulipotoka kituo cha Parramatta nikahisi harufu ya kafuri, nikageuka. Mzee mweusi alikuwa amekaa kando yangu, koti pana limechakaa, mikono magotini. Kucha zake zilikuwa nyeupe kama zimechovywa chokaa, na ngozi ya vidole imeliwaliwa na dawa. Kwenye mkono wa koti kulikuwa na kinyoya cha kijani.

"Binti, hujambo," akasema.

Sikushtuka. Kwenye treni ile Kiswahili si ajabu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Ila Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, cha taratibu, cha mtu ambaye hajazungumza kwa muda mrefu. Akaniuliza kama mimi ndiye msoma barua. Unajua nilidhani ni nani? Nilidhani ofisini wamemleta mtu wa kukagua kazi zetu. Robyn alikuwa ametuonya mwezi huo huo kwamba wanaoandika haisomeki ovyo mkataba wao hautaongezwa. Nikajibu ndiyo, ni mimi.

"Mimi sijui kusoma," akasema. "Nilikuwa nasema, bwana naye kalamu inakwenda. Lakini kalamu ikienda mimi nitajuaje inaandika nini? Huenda alikuwa anaandika habari za mnyama wake." Akanigeukia. "Sitaki mengi. Niambie tu. Aliandika?"

Niamini, wakati ule nilikuwa nimeshaelewa. Hakuna mkaguzi duniani anayeuliza hivyo, wala hakuna aliyejua maneno yale isipokuwa mimi na waliokufa. Nilitakiwa kusema neno moja. Aliandika. Mtoto mdogo angeweza kulisema. Lakini ningelisema, ningekuwa nimekiri kwamba niliisoma na nikaificha, na aibu ilinifikia kabla ya huruma. Nikasema kile kile nilichokwisha kukisema.

"Haisomeki, mzee."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alitikisa kichwa polepole, akakitazama kile kinyoya.

"Basi bado yupo mlangoni," akasema.

Simu yangu ikalia. Alikuwa Mama Divine: "Maman, uko wapi? Kiti yako nakupa mtu mwingine." Nikainama kumjibu, nikainua uso, na kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Treni ilikuwa haijasimama tangu Parramatta. Msichana aliyekaa mbele yangu alivua kisikilizio kimoja, akaniuliza kama niko sawa, "you right?", maana alikuwa ameniona nikizungumza na dirisha.

Nilisukwa. Kwa nini nidanganye tena? Nilikaa pale saa nne nzima, machozi yananitiririka, Mama Divine anadhani anavuta sana.

Jumatatu niliwahi kazini kuliko mfagizi. Robyn alipofika nikamweleza ukweli wote, isipokuwa habari za yule mzee: kwamba niliiweza mistari ile nikaikimbia, na ninaomba niirekebishe. Hakugomba. Alikwenda mwenyewe kuleta sanduku, akaitandaza barua mezani, tukainama wote wawili.

Ukurasa ulikuwa na maandishi yanayokwenda upande mmoja tu. Mdomo wa bata, mayai, salamu. Ile mistari kumi na minane ya kupishana haikuwepo. Karatasi ilikuwa safi katikati ya mistari kana kwamba haijaguswa. Nikafungua picha tuliyopiga ilipoletwa. Hata huko hakuna. Nikasoma maneno kwa kichwa, moja moja, kuanzia mtu wa Kilwa mpaka mlangoni. Robyn alinisikiliza kwa upole mpaka mwisho.

"I can't let you type what nobody can see, love," akasema, akaniwekea mkono begani, akaniambia niende nyumbani nikapumzike. Alikuwa na haki. Maneno yasiyoonekana hayanakiliwi. Nilikuwa nimesema haisomeki, na sasa ilikuwa kweli.

Ningeweza kuishia hapo na kusema yamepita. Hayakupita. Jioni ile nilichukua Biblia yangu, ambamo naweka barua pekee niliyo nayo ya mama. Mama aliisema, katekista wa kambini akaiandika, ikanifikia Sydney baada ya yeye kuzikwa. Ukurasa mmoja wa karatasi ya daftari. Nikaifungua ili nipate faraja, na mistari mitatu ya mwisho haikuwepo. Wino umeishia alipouliza kama huku kuna baridi. Chini yake karatasi nyeupe.

Unaniuliza ile mistari mitatu ilisema nini? Sijui. Nakumbuka ilikuwa ya kuniombea. Nakumbuka kulikuwa na jina langu la utotoni. Sikuwahi kuikariri, kwa sababu karatasi ilikuwepo. Binti yangu aliniona nimekaa sakafuni, akaniuliza kwa Kiingereza chake kuna nini, nikashindwa kumwambia bibi yake alisema nini, na hana mwingine wa kumuuliza.

Tangu hapo kila Ijumaa napanda treni ile ile ya saa kumi, ghorofa ya chini, dirishani, na mkoba nauweka miguuni ili kiti cha pembeni kibaki wazi. Tukitoka Parramatta nasema kwa sauti: mzee, aliandika. Aliandika vizuri, hakuruka neno. Watu wanahama viti. Wengine wamenizoea. Yeye hajaja tena, na siwezi kumlaumu. Mimi niliulizwa mara moja, nikajibu.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, mtu akikukabidhi maneno yake uyafikishe, yasome mpaka mwisho, hata kama kuna harusi, hata kama mwenyewe amekufa zamani. Na kama unapanda treni za magharibi mchana, siku moja ukasikia harufu ya kafuri na mzee mwenye kucha nyeupe akakusalimu kwa Kiswahili cha pwani, usiogope na usijifanye hujui. Huenda mimi hataki tena kuniuliza. Wewe mwambie aliandika. Mwambie aliyesoma yupo, na anamwomba radhi.