Kabila Nililochagua Mezani

Siku ninayoikumbuka ilikuwa Jumapili, mwanangu, mchana wa upepo na vumbi letu hili la Dodoma. Mke wangu tulikuwa tumeshamzika, watoto wako Dar na Mwanza, na mimi nimekaa ndani ya nyumba hii ya mtaa wa Kikuyu, redio inasema yenyewe. Wapangaji wangu, wanafunzi wa chuo kama wewe, walikuwa barazani wanacheka. Nikatoka kuwaambia wapunguze kelele. Uongo huo! Nilitoka kwa sababu ya upweke.

"Shikamoo, babu. Njoo ucheze na sisi," akasema Neema, binti wa Tabora aliyekuwa akiongoza mchezo. Akanieleza: ni hadithi, kila mmoja anajifanya mtu fulani ndani yake, mnasafiri pamoja, na pakiwa pagumu mnarusha dadu. Kisha akashika kalamu. "Haya, kabila gani?"

"Mgogo," nikamjibu.

Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Neema ni Mnyamwezi, mtani wangu, hakuniachia. "Mgogo tunamjua, babu, kazi yake kuomba! Nauliza kabila la humu mchezoni."

Nilicheka nao, lakini iliniuma. Nikiwa kijana wa umri wako nilikwenda Dar kutafuta kazi, na kila nilipotaja kwetu, mtu alininyooshea kiganja kuigiza ombaomba. Nikajiapiza: sitamwomba mtu kitu, hata maji ya kunywa. Kiapo hicho nilikishika, ee bwana! Mke wangu alipougua nilimuuguza peke yangu, majirani wakaja kujua msibani. Wanangu sikuwahi kuwaambia njooni.

Basi Neema akanitajia makabila ya mchezo. Majitu, mbilikimo wa kuchimba madini, binadamu wa kawaida, na watu wa msituni, warefu, wanaoona gizani, wanaoishi karne na karne. Hao wa msituni nikawadaka upesi. Nilijiona nimepata.

"Sawa, babu. Wewe sasa una miaka mia tano," akasema. "Uliokua nao wote wamekufa. Unaishi na nani?"

Lilikuwa swali la mchezo tu, kila mtu aliulizwa lake. Nikageuka nikautazama mlango wa nyumba yangu. "Peke yangu," nikasema, na sauti ikatoka vibaya. Neema akaacha utani, akasema taratibu kwamba ninaweza kubadili, hatujaanza.

Nikawa mbilikimo, miguu mifupi, mbishi kupindukia. Safari haikwenda mbali tukafika kwenye mto uliojaa. Wenzangu maji yaliwafika kifuani, wakavuka. Mimi yangenipita kichwa. Neema akaniuliza nafanyaje. Nikataja kamba, nikataja magogo, nikataja kuzunguka mlima, na wao wamesimama ng'ambo wananingoja. Mwisho nikalisema lile neno.

"Naomba mnibebe."

"Si ungesema tangu mwanzo, babu!" akapaza sauti kijana aliyekuwa jitu, akarudi majini kunichukua. Mwanangu, machozi yalinitoka pale pale mezani. Nikasingizia vumbi.

Jioni ile nikampigia binti yangu wa Mwanza, nikamwambia naomba uje. Akadhani naumwa. Nikamwambia siumwi, nimekukumbuka tu. Alilia kwenye simu, na mwisho wa mwezi alikuja.

Sasa tangu uhamie hapa nakuona na kitabu cha mchezo, unapekua ukitafuta kabila lisiloshindwa na kitu. Nakuona pia ukitoka soko la Majengo na nyanya zako mbili, unapika, unafunga mlango, unakula mwenyewe. Nayajua hayo maisha. Nakusihi, usichague yule asiyehitaji mtu, maana hana sababu ya kubisha hodi popote. Chagua mwenye kupungukiwa na kitu, na anapopungukiwa aseme mapema, mezani na nje ya meza. Mimi nilichelewa, na aliyestahili kuniona nikiomba msaada kwa ajili yake hayupo.

Jumapili njoo na kiti chako, vya humu havitoshi siku hizi. Mungu akupe uzima, mwanangu, akupe watu wa kukubeba, na akulainishie ulimi uweze kuwaomba.