Kitambaa Juu ya Kasha la Diski

Kompyuta yangu ya zamani, niliyoigeuza seva ya nyumbani ya kuhifadhia mafaili hapa Bariadi, ilijaa. Humo nilikuwa nimehifadhi sauti ya marehemu baba akiwaita ng'ombe wake kwa Kisukuma, mmoja mmoja kwa jina. Nikaagiza Mwanza kasha la nje lenye diski mbili kubwa na feni ya kuzipoza juu yake, nikalichomeka kwenye seva. Sauti za baba nilizihamisha kwanza, nikazifuta kwenye kompyuta ili nipate nafasi. Nikamwambia mama, "Baba sasa yumo humu." Nikaenda kazini, mafaili mengine yakiendelea kuhama.

Sebuleni kwetu hakuna kitu kinachokaa uchi. Televisheni ina kitambaa, redio ina kitambaa, hata ndoo ya maji ina chake. Mama alipoona kasha linapigwa na vumbi la barabarani, alilifunika kwa kitambaa kinene alichokifuma mwenyewe, tena akakikunja mara mbili. Feni ikakosa hewa. Niliporudi, kasha lilikuwa la moto kama pasi, na diski zote mbili zimekufa. Mafundi wa mjini walizigeuzageuza, wakanirudishia.

Hasira nilikuwa nazo, lakini ningemfokea nani? Sikumwambia mama. Kila Jumapili akitoka kanisani ananiomba nimfungulie sauti ya baba, nami namjibu kwamba mtandao unasumbua.

"Basi, mwanangu, tutamsikiliza siku nyingine," anasema, kisha anakinyoosha vizuri kitambaa juu ya kasha.