Udongo wa Mama Zipora

Zabroni alizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi, upande wa Kigoma, Tanzania, na huko ndiko alikojifunza Kiingereza. Familia yake iliporudi Burundi na kukaa karibu na Minago, yeye alikuwa mtu mzima mwenye Kirundi cha kuchekesha na Kifaransa cha kuokoteza. Shuleni alikopata kazi, walimu wenzake waliandikiana barua kwa Kifaransa, naye alizisoma polepole, mlango ukiwa umefungwa. Kiingereza tu ndicho kilichompa heshima. Akija mgeni wa mradi, Mwalimu Zabroni ndiye aliyeitwa.

Ndivyo ilivyokuwa siku aliyokuja Madame Ellen, mwanamke mrefu kutoka Marekani, mtaalamu wa kilimo. Kikundi cha wakulima wa mihogo kilimsubiri kwenye shamba la Mama Zipora, lililo juu kidogo ya barabara ya ziwani. Watu walikuwa kama arobaini. Zabroni alitafsiri kwa Kiswahili, maana ndicho alichokiweza zaidi, na pale mwambaoni kila mtu anakielewa.

Mama Zipora ni mjane. Kwa miaka mingi alikuwa akibeba samadi kichwani kutoka kwenye mazizi ya watu, na makapi ya mawese, na maganda ya maharage, akitandaza yote shambani. Watu walimtania kwamba anafuga takataka. Siku ile aliamka mapema, akavaa kitenge chake cha kanisani.

Madame Ellen alipiga magoti, akachimba kwa mkono, akanyanyua donge jeusi na kulivunja kwa vidole. Akatabasamu. Akasema kwamba ile ilikuwa “beautiful dirt”.

Kwa udongo Zabroni alijua neno “soil”, na mengine mawili aliyofundishwa kambini. “Dirt” alilijua kuwa uchafu, ule wa kwenye nguo na kwenye kucha. Sasa uchafu mzuri ni uchafu gani? Akadhani mgeni anakejeli, kama mtu anavyomwambia mtoto aliyetoka kwenye tope kwamba leo amependeza kweli. Angeweza kuuliza. Lakini watu arobaini walikuwa wanamtazama, na kati yao walikuwemo walimu wawili wa shuleni kwake.

“Anasema shamba hili limejaa uchafu,” akasema.

Kuna waliocheka. Mama Zipora alikuwa ameanza kutabasamu kwa kuona mgeni anatabasamu. Uso wake ukabaki hivyo kwa muda, kisha ukafungika. Madame Ellen akatoa mfuko mdogo, akaomba kuchukua kidogo aende nao. Zabroni akatafsiri hivyohivyo, kwamba anataka kuondoka na uchafu huo.

“Mwambie aniachie uchafu wangu,” Mama Zipora akasema, akashuka kwenda nyumbani kwake.

Zabroni akamwambia mgeni kwamba mwenye shamba amekataa. Madame Ellen alishangaa, lakini hakumlazimisha. Alikuwa ametaka shamba la mfano la mradi liwe pale. Likawa kwa Mulamba, jirani, na vipando vya mihogo isiyoshikwa na ugonjwa vikapandwa huko.

Baada ya hapo Mama Zipora hakuonekana kwenye kikundi. Zabroni alipopita njia ile aliona kitu ambacho hakukielewa mara moja: shamba lilikuwa limefagiliwa. Maganda yalikuwa yamekusanywa pembeni na kuchomwa, ardhi ikiwa tupu na safi kama uwanja wa nyumba. Mvua zilipokuja, maji meusi yaliyobeba udongo yalitoka shambani yakavuka barabara hadi ziwani.

Miezi mitatu baadaye, Léonard, mwenyekiti wa kikundi, alimletea Zabroni barua ndefu ya Madame Ellen ili awasomee wanachama. Zabroni aliipitia nyumbani kwanza. Lile neno lilikuwemo karibu kila aya, na kila mahali maana ya uchafu ilikataa kuingia. Alikwenda kwa Joanita, mwalimu mwenzake mwenye kamusi nene ya Kiingereza. Maana ya kwanza ilikuwa uchafu. Ya pili ilikuwa udongo, hasa kwa Wamarekani. Ya tatu ilikuwa siri za aibu ambazo watu huzifukua juu ya mtu. Joanita aliuliza kama amepata alichotafuta. Akasema amepata, akashukuru kwa Kirundi, murakoze, akafunga kitabu haraka kama mtu aliyekutwa akisoma barua isiyo yake.

Aya moja ilimhusu mjane aliyekataa. Madame Ellen aliandika kwamba hajaona udongo kama ule mwambao wote, na kwamba aliyeutengeneza angefaa kuwafundisha wengine.

Siku ya mkutano Zabroni aliisoma barua yote, isipokuwa aya hiyo. Alipofika pale, macho yake yaliruka yenyewe. Watu walipiga makofi, Léonard akamshukuru, naye akarudi nyumbani akakataa chakula. Mkewe alimuuliza kama anaumwa. Akasema ni tumbo.

Alikaa na jambo hilo siku tisa. Siku ya kumi, mchana, akaenda. Mama Zipora alikuwa nyuma ya nyumba akimenya mihogo. Ilikuwa miembamba.

“Mama, siku ile mgeni hakusema uchafu. Alisema udongo wako ni mzuri.”

Kisu kikaendelea kumenya. “Ulisikia vibaya?”

“Nilisikia vizuri. Neno ndilo sikulijua.”

“Na ulijua kama hulijui?”

Zabroni alitaka kusema hapana. Ingekuwa rahisi, na yeye tu ndiye angejua ukweli.

“Nilijua.”

Mama Zipora akaweka kisu chini. “Mimi nimefagia, Mwalimu. Kila asubuhi nilikuwa nafagia.”

Zabroni akaanza kuomba msamaha, lakini Mama Zipora akamkatiza kwa mkono. “Usiniombe huku nyuma ya nyumba. Siku ile iko watu wangapi walisikia? Nenda kawaambie hao.”

Alhamisi iliyofuata alisimama mbele ya kikundi na kusoma aya aliyoiruka. Alieleza alichokosea, na kwamba aliogopa kuuliza. Mmoja wa wale walimu wawili aliguna. Mulamba aliuliza kama sasa atanyang'anywa vipando. Léonard alitazama viatu vyake, akasema tuendelee na ajenda.

Vipando havikunyang'anywa. Msimu wa kukata vipando vipya ulipofika, Mulamba alimpelekea Mama Zipora mzigo mmoja, naye akaupokea. Zabroni alijitolea kumbebea samadi. Mama Zipora akamjibu kwamba kazi hiyo anaiweza mwenyewe. Ameanza upya na kikapu chake, na wanawake wawili wa kikundi wanamfuata kujifunza, ingawa mwenyewe anasema udongo ule hautarudi leo wala kesho.

Sokoni Rumonge vijana humwita Zabroni Mwalimu Uchafu. Huitika. Mama Zipora hajawahi kumwita hivyo. Wakikutana njiani humsalimia kwa Kirundi, “Amahoro, Mwalimu,” kwa adabu kamili, na hapo ndipo Zabroni hukosa pa kuangalia.